Kengele ya Sista Klaudia

Asubuhi ile ya Jumanne Datius, fundi wa kompyuta, alikuwa akiomba jambo moja tu: kengele isilie. Na kweli ilikuwa haijalia. Kwa hiyo Sista Klaudia aliposimama mlangoni pake na kumwambia kwamba mashine yake imekuwa bubu, aliweka kalamu chini.

"Haibishi hodi siku hizi," alisema Sista, akitafuna punje zake za kahawa. "Tangu wiki jana nimeisikia mara tatu tu, nikafungua hizo tatu. Mwanzo nilidhani maabara wameishiwa dawa ya kupimia. Lakini leo Ildefons ananiuliza kwa nini sichukui majibu ya watu. Majibu gani, mwana wange? Mimi sijaitwa."

"Ungefungua tu ukaangalia, Sista."

"Nifungue kitu ambacho hakijaniita? Wewe mwenyewe ulinifundisha. Ikilia, ndipo nifungue."

Hilo alilisema kwa haki. Klaudia hakuwa mtawa; aliitwa Sista kwa uuguzi wake wa miaka ishirini. Alikuwa mjane, mtu wa kushika alichoambiwa. Kompyuta aliipokea kama mlango wa jirani: huingii mpaka usikie karibu. Datius alipomfundisha, alicheka moyoni na kumwacha hivyo hivyo, maana mtu asiyebonyezabonyeza ovyo hamsumbui fundi.

Mwaka ulikuwa wa tisini na tano. Mradi wa kupima damu ulikuwa umepanga nyumba ya zamani ya mfanyabiashara mmoja hapo Bukoba mjini, nyumba yenye veranda ndefu, na humo ndani kulikuwa na kompyuta nne zilizounganishwa kwa kebo moja. Moja ilikaa maabara kwa Ildefons, moja masjala, moja chumba cha ushauri kwa Sista Klaudia, na ile kubwa iliyotunza barua za zote ilikaa kwa Datius. Ildefons alipomaliza kupima, aliandika jibu na kulituma. Kwa Sista ikalia kengele moja nyembamba, mara moja kwa kila barua, na kwenye skrini ukatokea mstari: una barua mpya. Kengele hiyo aliitengeneza Datius, kwa kuwa Sista hakukaa mbele ya skrini. Alikaa chumba cha pili, ameshika mikono ya watu.

Majina hayakuandikwa popote. Kila aliyetoa damu alipewa kadi yenye namba. Na palikuwa na utaratibu, ambao waliuweka ili Sista apate muda wa kujiandaa. Wazima walikusanywa pamoja katika barua moja iliyoitwa Orodha ya Ijumaa. Mgonjwa alitumwa peke yake, siku yoyote, kila mmoja na barua yake, na namba yake ikasomeka pale juu kwenye kichwa cha barua. Waliokuwa wakingoja kwenye benchi la veranda hawakuambiwa hayo na mtu, ila waliyajua. Kengele ikilia siku isiyo Ijumaa, benchi zima lilinyamaza, na mama mmoja aliwahi kuinuka akaenda zake moja kwa moja hadi stendi bila hata kuchukua mwavuli wake.

Sasa tuseme la Datius, maana bila hilo hamtamwelewa, na nikilisema mnaweza kumchukia kidogo. Kwa miaka miwili alikuwa na mpenzi, Bernadina, binti wa mtaa wa Kashai aliyekuwa na kibanda cha kushona. Bernadina alianza kukohoa Novemba, wakati wa senene, na Januari wakamzika. Watu wazima matangani walisema ni kifua. Vijana walisema Juliana, jina ambalo Kagera iliupa ugonjwa huu wa Ukimwi tangu vita vilipokwisha. Datius aliogopa. Alipokuwa na miaka kumi, mizinga ya Amini ikisikika kutoka upande wa Kyaka, alijificha na mama yake migombani siku nne, na aliamini kwamba hataogopa tena namna ile. Lakini mzinga ulitoka mbali na ungeweza kumkosa. Hiki cha sasa alitembea nacho mwenyewe, kikizunguka mwilini mwake, na hakuwa na mgomba wa kuukimbilia.

Wiki tatu zilizopita alijikaza akaenda kupimwa. Hakupima Bukoba, ambako hata paka wa ofisi alimjua. Alipanda gari hadi Muleba, akaaga kazini kwamba anakwenda kutazama mashine ya kuchapa ya tawi, na huko akanyoosha mkono kwa mhudumu asiyemfahamu. Akapewa kadi namba mia sita na kumi na mbili. Damu ililetwa Bukoba ndani ya kisanduku cha barafu, kwenye gari lile lile alilorudi nalo, naye akawa amekaa karibu nacho njia nzima.

Halafu kungoja kukamshinda. Jumatatu ya wiki iliyopita akaandika programu ndogo, mistari mitano tu, akaificha katika ile kompyuta kubwa. Kila baada ya dakika tano programu hiyo ilifungua kisanduku cha barua cha Sista Klaudia, ikapitia vichwa vya barua kutafuta mia sita na kumi na mbili, ikafunga. Haikusoma namba ya mtu mwingine, alijitetea. Haikufuta wala haikubadilisha kitu. Ingekuta namba yake, ingemwandikia neno kwenye skrini yake, naye angejua kabla ya Sista, angepata nafasi ya kulia chooni akanawa uso. Mpaka Jumanne ile ilikuwa haijamwandikia kitu.

"Nakuja, Sista," alisema. Akachukua bisibisi.

Kwenye veranda walikuwapo watu watano. Mmoja, mwanamke wa miaka kama thelathini mwenye kitenge kilichofifia kwa jua la ziwani, alimsimamisha kwa kumnyooshea kadi.

"Kaka, wewe ndiye fundi? Nitazamie hii."

Kadi iliandikwa mia tano na tisini.

"Mimi sitazami majibu, dada. Anayetazama ni Sista."

"Sista anasema bado. Alhamisi alisema bado, na leo anasema bado." Hakupandisha sauti. "Naitwa Minza. Natoka Bumbire, kisiwani. Mume wangu Maige alifariki mwezi wa tano. Wazee wake wanataka nirithiwe na mdogo wake, Bundala. Nikasema sikatai, ila nipimwe kwanza. Nimekuja huku Bukoba kwa sababu Muleba wananijua. Wamenipa mpaka leo."

"Na ukirudi bila jibu?"

"Wanasema kama kungekuwa na ubaya hospitali wangeniambia mapema. Jioni hii wananingoja. Bundala mwenyewe ni mtoto tu, kaka, hata ndevu hazijakaa sawa." Akairudisha kadi kwenye pindo la kitenge. "Gari langu ni la saa nane. Nikilikosa hilo, sipati mtumbwi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo. Datius alimwambia asiondoke, anakwenda kutengeneza, na aliposema hivyo alikuwa na nia kabisa.

Alianza na spika, kama anavyoanza fundi yeyote. Ilikuwa nzima. Akakaza kebo, akafuta vumbi, akazima na kuwasha. Kisha akarudi chumbani kwake akamtumia Sista barua ya majaribio. Kengele ikalia. Sista akapiga makofi mawili, na benchi la veranda likanyamaza. Datius akatuma ya pili ili kuhakikisha, ikapita robo saa bila mlio. Ya tatu kimya. Ya nne ikalia. Kitu kilichokufa ni rahisi kutengeneza, ila hiki kinacholia kikitaka na kunyamaza kikitaka ndicho kinachomtoa fundi jasho.

Akaenda maabara. Ildefons, mtu mrefu wa maneno machache, alikuwa akifunga kabati.

"Umetuma ngapi tangu wiki jana?"

"Kumi na nne moja moja. Na Orodha ya Ijumaa." Akamtazama. "Kwani hazifiki?"

Kumi na nne. Datius alirudi chumbani kwake. Hakuwa ametafuta barua zozote kwa macho yake. Aliiachia kazi hiyo programu yake, na programu ilitafuta moja tu. Sasa akafungua kisanduku mwenyewe. Zilikuwamo zote, zimepangana, na pembeni ya kila moja palikuwa na alama inayosema imekwisha kuonwa.

Nani ameziona zote, na Sista amefungua tatu tu? Jibu alikuwa nalo tayari na hakulitaka. Akafungua kumbukumbu za mashine, zile zinazoandika kila aliyeingia na saa aliyoingia. Ukurasa wa kwanza, jina lake. Ukurasa wa pili, jina lake. Kila dakika tano, mchana na usiku, siku nane, Datius, Datius, Datius.

Aliielewa hitilafu yote kwa mara moja. Ile kengele ilichungulia kisanduku kila robo saa. Ikikuta barua ambayo haijaguswa na mtu, ililia. Ikikuta barua iliyokwisha kufunguliwa, ilidhani Sista ameisoma, ikanyamaza. Na kabla robo saa haijatimia, yeye alikuwa amekwisha kupita mara mbili au tatu na kugusa kila kitu. Mashine haikuwa na ubovu wowote. Alikuwa ameinyamazisha yeye, kwa hofu yake.

Saa sita na dakika kumi.

Angeweza kutembea hatua ishirini na kumwambia Sista: fungua, zimo, mpe yule mama wa Bumbire jibu lake. Hatua ishirini tu, na kwa shughuli hiyo hata bisibisi haikuhitajika. Lakini Sista angeuliza nani amezifungua. Kufungua kisanduku cha majibu lilikuwa kosa la kufukuzwa siku hiyo hiyo, pengine na polisi juu, na baada ya polisi mji mzima ungeuliza alikuwa akitafuta nini humo. Kashai wangejua. Mama yake kule Kahororo angejua, na angejua kwa njia ya sokoni. Datius aliketi mbele ya ile kompyuta kubwa, akafanya alichofanya. Aliifuta ile mistari mitano. Akaifuta na kumbukumbu. Kisha akajipa akili kwamba iko njia ya kulimaliza jambo bila kelele: Ildefons atume upya barua zote, ziingie zikiwa mpya, kengele ilie kama kawaida, na Sista aseme asante fundi.

Tusimtetee. Alikuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa wa kweli, lakini hata Minza pale nje alikuwa anaogopa.

Aliporudi maabara, mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ildefons alikuwa amekwenda kula kwake, na Ildefons akienda kula alikula kweli. Datius akasimama pale. Saa saba ikapita. Akapita verandani mara mbili bila kumtazama Minza usoni. Mara ya tatu Minza akamwita.

"Kaka, bado?"

"Bado kidogo."

Saa nane kasoro dakika kumi Minza alisimama, akajifunga kitenge upya, akamshukuru Sista, na kwa adabu akamshukuru na Datius. Datius alifungua mdomo. Sauti haikuja, au aliizuia, hata yeye baadaye hakuweza kuapa ni lipi. Akamwona anashuka ngazi na kukata kona ya kwenda stendi.

Ildefons alirudi saa nane na robo. Aliambiwa kwamba kebo ilikuwa na kasoro, akaamini, akatuma upya. Datius alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Sista Klaudia wakati kengele ilipoanza. Ikalia, ikalia, ikalia. Kwenye veranda watu walisimama. Sista aliweka punje ya kahawa mezani kwa kila mlio, na zilipofika kumi na tano zikakoma.

"Yesu wangu," alisema taratibu. "Hizi zote zilikuwa wapi?"

Akafungua ya juu, Orodha ya Ijumaa, namba za wazima. Datius hakutaka kutazama, akatazama. Mstari wa nne: mia sita na kumi na mbili.

Akashika mgongo wa kiti. Mzima. Alikuwamo humo tangu Ijumaa. Ile programu yake haikuikuta namba kwa sababu aliiagiza itafute kwenye vichwa vya barua, mahali pa wagonjwa. Orodhani, ndani mwa wazima, hakuwa ameiambia iangalie hata mara moja. Alikuwa na uhakika kiasi hicho kwamba atakufa. Furaha ikampanda, furaha kubwa ya kijinga, akataka kucheka, na pengine angecheka kama Sista asingefungua barua iliyofuata.

Ilikuwa ya peke yake. Kichwa chake kilisomeka mia tano na tisini.

"Huyu ni yule mama wa Bumbire," alisema Sista. Akasoma siku iliyoandikwa chini. "Hili jibu ni la Jumanne ya wiki jana. Alhamisi nilimwambia bado. Leo nimemwambia bado." Akamgeukia. "Datius. Limekaa wapi wiki nzima?"

Datius alitoka mbio. Alikimbia hadi stendi, shati limechomoka, akauliza gari la Muleba, wakamwonyesha vumbi. Lilikuwa la mwisho. Gari la mradi lilikuwa Biharamulo. Alirudi akitembea, na alipofika alifunga mlango wa chumba cha ushauri na kumwambia Sista Klaudia yote: Bernadina, Muleba, kadi, mistari mitano, kumbukumbu alizofuta, na hatua ishirini alizoshindwa kutembea.

Sista alisikiliza hadi mwisho. Alizikusanya zile punje za kahawa moja moja akazirudisha kwenye kikopo.

"Mimi nimeshika mikono ya watu mia ngapi humu ndani," alisema. "Ungeniletea na wako, mwana wange. Ungeniletea tu."

"Samahani, waitu," alisema Datius, kwa heshima ya Kihaya chao.

"Usiniombe mimi. Kesho alfajiri tunakwenda Bumbire. Mambo ya kazi yako tutayajua tukirudi."

Walivuka kwa mtumbwi wa injini, jua likiwa limekwisha kupanda. Sista alivaa kitenge na kubeba kikapu, kama mtu anayekwenda kusalimia ndugu, ili asimtangazie Minza habari kabla hajashuka. Datius alibeba mfuko wa kazi wa Sista. Njia nzima alikuwa akihesabu: gari limefika saa kumi na moja, mtumbwi umefika saa mbili za usiku, labda wazee walichoka, labda waliahirisha, labda Bundala alikuwa ziwani kwenye dagaa. Aliomba kama alivyoomba kengele isilie, kwa maneno yale yale karibu.

Kwenye mwalo waliuliza nyumba ya marehemu Maige, wakaonyeshwa nyumba ya mabati yenye nyavu zilizoanikwa ubavuni. Kijana mmoja mwembamba, ndevu zake chache hazijakaa sawa, alikuwa amechutama nje akipasua samaki. Shati lake lilikuwa jipya, mikunjo ya dukani bado imo. Alipowaona aliinuka akafuta mikono.

"Karibuni, karibuni. Mnamtafuta shemeji?" Kisha akacheka kwa aibu na kujishika mdomo. "Nimekosea. Mke wangu. Sijazoea, ni jana tu."

Sista Klaudia alimshika Datius kiwiko kwa nguvu na hakuachia kwa muda.

Minza alitoka ndani. Alimtazama Sista, akatazama kikapu, kisha akatazama mfuko. Wanawake wawili wakaenda kando, hadi kwenye jiwe lililo karibu na maji, wakaketi wakiwapa mgongo. Datius akabaki na Bundala, ambaye alimpa kigoda na kuendelea na samaki.

"Nilikuwa naogopa, kaka," alisema Bundala, kwa ule uchangamfu wa mtu aliyetua mzigo. "Hii Juliana imetumalizia watu hapa. Lakini wazee wakasema, mtu ameenda kuchukua jibu mara mbili, wataalamu wamemtazama, wangeona kitu si wangesema? Nikaona ni kweli. Mtakula samaki. Msiondoke bila kula."

Datius alisema watakula. Alitazama mikono ya kijana yule ikifanya kazi haraka, akatamani mashine ingekuwa imeharibika kweli, akatamani radi, kebo iliyotafunwa na panya, kitu chochote kisichokuwa yeye.

Baada ya muda mrefu Minza alirudi peke yake. Macho yalikuwa makavu. Alisimama mbele ya kigoda cha Datius.

"Kaka, ile mashine iliponaje?"

"Haikuwa mbovu," alisema Datius. Hofu ilikuwepo bado, yote, lakini safari hii sauti ilitoka. "Nilikuwa nafungua barua kabla ya Sista. Natafuta jibu langu. Ndiyo maana lako halikulia. Na jana saa sita nilikwisha kujua, nikaogopa kusema."

Upepo ulipeperusha pindo la kitenge ambamo Minza alifungia kadi.

"Na lako ulilipata?"

"Nililipata."

Alimsoma usoni, akaelewa lilikuwa jibu gani, na hakumwonea wivu wala hakumpongeza. Akamtazama Bundala, ambaye alikuwa anaosha samaki wa mwisho akipiga mluzi.

"Mimi Sista ameniambia," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hajaambiwa na mtu. Mwambie wewe."

Nyuma yake Sista Klaudia alikuwa amekaribia, akatikisa kichwa kukubali, na kuketi chini kwenye mchanga, karibu vya kutosha kushika mkono wa kijana utakapohitaji kushikwa. Datius aliinuka. Miguu yake ilikuwa mizito, na toka kigodani hadi pale kwenye beseni la samaki hazikuzidi hatua tano.

"Bundala," alisema.

Kijana akainua uso, tabasamu lake bado lipo, maji yakimtiririka mikononi.

"Niambie, kaka."